Mikopo Ilipokauka Stratford
Neno la Kiingereza credit, yaani mkopo, asili yake ni Kilatini: kuamini. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki nao wana mali kauli, bidhaa zinazotolewa kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Imani hiyo ikitoweka, mabenki hukataa kukopesha. Waingereza huita hali hiyo credit crunch, ukata wa mikopo.

Stratford, mashariki mwa London, iliyaona hayo mwaka 2008. Kampuni ya Lend Lease ilishindwa kupata mikopo ya kutosha kujenga kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya 2012. Mwezi Mei 2009 serikali ikaamua kubeba gharama zote. Mwaka 2011 sehemu ya kijiji iliuzwa kwa pauni milioni 557, lakini mlipa kodi akabaki na hasara. Mabenki yalipokosa imani, mzigo ulimwangukia mwananchi.