Gundi Haishiki Bolti ya Usukani

Wiki hii nimeulizwa tena: "Fundi, nikifunga nati ya nailoni na tone la gundi ya bolti, pini ya nini tena?" Wanaouliza ni watu makini, wanaojiundia ndege ndogo gerejini na kupima kila bati mara mbili. Wakifika kwenye fimbo za usukani, wanaamini kichupa cha gundi.

Gundi hiyo ni ya bolti inayobana vipande viwili vikatulia. Bolti ya fimbo ya usukani kazi yake ni ya ekseli. Kila stiki inaposogezwa, fimbo huzunguka kidogo juu yake, mbele na nyuma, safari nzima, na mtetemo wa injini haupumziki. Isitoshe, gundi huganda kwa kukosa hewa na kugusana na chuma. Bolti za ndege zimepakwa kadimiamu zisishike kutu, na juu ya kadimiamu gundi hukawia kuganda, pengine isigande sawasawa. Tone likichuruzika likaingia kwenye boli jointi ya ncha ya fimbo, mpira wa chuma unakwama. Hapo kinachozunguka ni bolti yenyewe, na nati yake inaanza kufunguka. Dawa ndiyo imeleta ugonjwa!

Linalonikera zaidi ni kwamba gundi haikaguliki. Pini naiona kwa tochi nikiwa nimejikunja chini ya kiti: mguu mmoja umepandishwa juu ya ncha ya bolti, wa pili umelala ubavuni mwa nati. Ipo au haipo. Gundi nitajuaje kama ilipakwa, kama iliganda, kama bado inashika? Nikigeuza nati ili nijue, nimeshaivunja.

Nati ya nailoni ni nzuri mahali pake. Lakini mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani, AC 43.13-1B, unaikataza kwenye sehemu zinazozunguka. Na msiniambie ndege yenu ni ndogo. Tarehe 16 Februari 2000, ndege ya mizigo DC-8 ya kampuni ya Emery iliruka kutoka uwanja wa Mather, California, ikashindwa kudhibitiwa na kuanguka kwenye yadi ya magari mabovu. Wote watatu waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walikuta kibawa kidogo cha elevata ya kulia kimeachana na fimbo yake, kwa kuwa bolti ya kuviunganisha haikufungwa wala kukaguliwa ipasavyo. Hiyo ilihudumiwa na mafundi wa kuajiriwa. Wewe uko peke yako gerejini, usiku, umechoka.

Basi fanya hivi. Nunua bolti yenye tundu la pini: AN3-10 inalo, AN3-10A haina. Weka nati ya mapengo na pini mpya. Pini iliyokwisha kukunjwa tupa. Kichwa cha bolti kielekee juu au mbele, ili nati ikipotea bolti ibaki. Kaza kwa spana ya kupimia: AN3 yenye nati nene inchi-pauni 20 hadi 25, yenye nati nyembamba 12 hadi 15. Tundu lisipolingana na pengo, badilisha washa, usilegeze nati. Boli jointi iliyo upande mmoja wa mkono iwekee washa pana, mpira ukichomoka fimbo isitoke. Nati za kufungia urefu wa fimbo zipigie mstari wa rangi, ukikatika ujue nati imesogea. Kila ukaguzi, shika fimbo uitikise, sikiliza kama inagonga. Ukifungua bolti yoyote ya usukani, hata kwa dakika tano, funga kitambaa chekundu kwenye stiki, na asikifungue ila mtu mwingine aliyeiona pini kwa macho yake.