Kuchagua Linux kwa Seva Iliyozeeka

Kompyuta inayotunza kumbukumbu za ofisi nzima huitwa seva. Katika hospitali ya Muleba au chuo cha Bukoba, mashine hiyo yaweza kuwa moja tu, nayo imetumika miaka kumi au zaidi. Vyuma vyake ni vizima, lakini mfumo unaoiendesha umepitwa na wakati. Je, uwekwe mfumo gani?

Seva nyingi huendeshwa kwa Linux, ambayo kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Linux hutolewa katika mikusanyo mbalimbali. Kila mkusanyo una kiini hicho pamoja na programu zilizochaguliwa na watayarishaji wake.

Mkusanyo ukiitwa "imara", haina maana kwamba hauharibiki kamwe. Maana yake ni kwamba programu zake hazibadilishwi ovyo. Hupokea masahihisho ya kasoro na ya usalama tu. Hivyo programu ya kusajili wagonjwa iliyofanya kazi jana hutarajiwa kufanya kazi kesho. Muda wa matunzo ukiisha, masahihisho hukoma. Seva itaendelea kuwaka, lakini kila kasoro itakayogunduliwa baadaye itabaki kuwa mlango wazi kwa wadukuzi.

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kuuliza si upya wa mkusanyo, bali ni miaka ya matunzo iliyobaki, na ni nani aliyeiahidi. CentOS 7 ilifikia ukomo tarehe 30 Juni 2024. CentOS 8, iliyotarajiwa kudumu hadi 2029, ilikatishwa mwisho wa mwaka 2021. Debian, iliyoasisiwa mwaka 1993 na kutunzwa na watu wa kujitolea, hulipa kila toleo miaka 5 hivi. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu nayo hupata miaka 5. AlmaLinux na Rocky Linux huahidi 10.

Jambo la pili ni umri wa mashine. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haisimikwi tena katika prosesa za x86 za biti 32. Rocky Linux 10 hukataa prosesa zilizotengenezwa kabla ya 2013. Mashine ya namna hiyo yaweza kufaa zaidi kwa Rocky Linux 9, ambayo matunzo yake yatafika 2032.

Jambo la tatu ni tahadhari. Mkulima wa Kagera hapandi mche mgeni katika kibanja chote kabla ya kuujaribu pembeni. Vivyo hivyo, mfumo mpya ujaribiwe kwanza katika kompyuta nyingine. Nakala za akiba nazo zisikae chumba kimoja na seva: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa majengo mengi Bukoba. Nakala ya Bukoba ikitunzwa Muleba, na kuthibitishwa kwamba inasomeka, hata seva ikifa kumbukumbu za wananchi zitabaki.