Kilichofungwa Ndani ya Jiwe

Mtu aondokaye Same kupanda Milima ya Upare hukanyaga miamba ambayo, yapata miaka milioni 640 iliyopita, ilikuwa chini sana ardhini, katika joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Ushahidi wa mambo kama hayo huhifadhiwa na fuwele za mawe. Fuwele inapokua huacha vitundu, navyo hufunga sehemu ya ugiligili unaoizunguka. Vingi ni vyembamba kuliko unywele, wala havionekani ila kwa hadubini. Mwaka 1858 Mwingereza Henry Clifton Sorby alieleza namna ya kuvisoma.

Namna yenyewe ni hii. Maji ya moto yaliyofungwa yalijaza kitundu chote. Yalipopoa yalinywea, pakatokea kiputo. Mtaalamu hukata kipande chembamba cha jiwe, akakipasha moto polepole. Kiputo kinapotoweka, joto la wakati huo ndilo kiasi cha chini cha joto lililokuwapo kitundu kilipofungwa. Kisha huyagandisha maji hayo na kuyaacha yayeyuke: kadiri chumvi ilivyo nyingi, ndivyo barafu iyeyukavyo katika baridi kali zaidi.

Kwa vipimo hivyo imejulikana kwamba malimbiko mengi ya zinki na risasi yaliyomo katika miamba ya chokaa hayakutokana na mawe yaliyoyeyuka, bali yaliletwa na maji ya nyuzi 75 hadi 200 hivi, yenye chumvi mara tatu hadi nane ya ile ya bahari. Chumvi ndiyo iliyoyawezesha kubeba metali. Yalipokutana na salfidi, metali zikaganda. Katika Afrika Mashariki, risasi na zinki zimeonekana Kinangoni na Vitengeni, pwani ya Kenya, katika nchi ya miamba ya mashapo.

Miamba iliyopikwa kama ile ya Upare ni kinyume: mara nyingi vitundu vyake hukutwa na gesi ya kaboni dioksidi, pasipo maji au yakiwa kidogo mno. Hapo ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Wako wawezao kupendelea “maji yaliyofungwa”, kwa kuwa ni maneno mepesi. Lakini mwanafunzi wa Same aliyefundishwa hivyo atatafuta maji, asiyaone, aseme jiwe ni tupu. “Ugiligili uliofungwa” wafaa zaidi, mradi neno hilo lichukuliwe kwa maana ya kila kitiririkacho, kiwe kioevu au gesi.