Darubini ya Bei Poa Ilivyompasua Mume Wangu Nyusi

Siku mume wangu aliporudi Mazinde na plasta juu ya jicho la kulia, mtaa mzima uliniangalia mimi. Jeraha lilikuwa limejikunja kama mwezi mwandamo, limekaa pale pale kwenye nyusi. Shoga yangu mmoja akanivuta pembeni: "Mwenzangu, umempiga na nini, sufuria?" Nilicheka, lakini moyoni nilijua kuwa kwa namna fulani kweli nimempiga mimi.

Ngoja nikupe kisa chenyewe. Baba watoto ni mwindaji bingwa, wale wanaoongoza wageni wenye leseni kwenye vitalu vya uwindaji. Msimu ukifunguliwa Julai, nyumba inabaki yangu na watoto. Wageni wengine hawaji na bunduki, wanakodi ya kwake, .375 anayoimiliki kihalali. Darubini yake ya zamani ilipokufa alitaka kununua ya maana. Nikaona bei, nikapiga kelele! Hela ilikuwa inatoka kwenye mgawo wangu wa vikoba, na mimi nilishaipangia bati za jiko. "Kioo tu hicho, bei ya kuezeka nyumba?" Tukapata nyingine kwa muuzaji mmoja, rahisi kweli. Inakuza mara 24, ina taa nyekundu ndani, boksi linang'aa. Nikasema hii hapa. Hakubisha. Kosa lake ni hilo tu, mengine yote ni yangu.

Kule porini mgeni akampiga pofu kwa umbali wa kama mita 250. Risasi ikaenda nyuma, tumboni. Walifuata damu siku mbili, wasimpate. Na sheria ya kazi ile haina huruma: mnyama akijeruhiwa akapotea, analipiwa kama aliyeuawa. Mgeni alilipa, lakini hakuomba tena kuongozwa na mume wangu.

Ndipo akaijaribu kwenye karatasi, mita 100. Kila risasi na njia yake. Ya tatu, darubini ikarudi na teke la bunduki ikamchana. (Mgeni alipona kwa sababu ana shingo ndefu, anasema.) Haya yote niliambiwa wiki mbili baadaye. Alinificha ili nisijilaumu. Jamani, mwanamume akikuficha kitu kwa sababu hiyo, unamgombeza au unamkumbatia? Mimi nilifanya vyote viwili.

Darubini mbovu inaua vipi?

Usiku ule alinifundisha kwa mara ya kwanza, na mimi kwa mara ya kwanza nilisikiliza. Vile vitufe vya kuzungusha juu na pembeni, kwenye darubini nyingi kila "tik" moja inahamisha shabaha kama milimita 7 kwa mita 100. Ikilegea "tik" kumi tu kwa mitikisiko ya gari, kwa mita 300 umekosea zaidi ya sentimita 20. Hiyo ndiyo tofauti ya moyo na tumbo. Na hapo hujahesabu upepo, wala risasi yenyewe inavyoshuka njiani.

Kukuza mara 24 nako ni mapambo. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji: kioo cha milimita 50 kwa 24 kinakuachia mwanga wa milimita 2 tu jichoni, jioni unaona giza. Kioo cha 40 kwa mara 8 ni milimita 5. Mchana nako, joto la mbuga likipanda, ukikuza sana mnyama anacheza kama yumo majini.

Kesho yake nikaitumbukiza ile ya bei poa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Mapovu yakatoka! Nzuri hujazwa gesi ya naitrojeni na kuzibwa kwa mipira, vumbi na unyevu visiingie. Ukishuka na darubini kutoka baridi ya Lushoto hadi joto letu la bondeni, isiyozibwa inafanya ukungu ndani.

Mji huu na bunduki si wageni. Karne ya 19 Semboja wa Wakilindi aliweka makao yake hapa Mazinde, njiani mwa misafara, na biashara ile ikampa bunduki. Nashukuru mke wake hakuwa mimi.

Safari ya pili tulikwenda wote. Majina kama Leupold, Zeiss na Swarovski yana sifa, ila bandia zipo, kwa hiyo tulikagua kifaa, hatukukagua boksi. Tulichukua ya mara 3 hadi 9, kioo cha 40, isiyo na taa. Jicho linakaa karibu sentimita 10 nyuma na bado picha ni nzima, kwa.375 hapo usikubali mjadala. Pete za kuishikia tulinunua za chuma. Kisha akaipima kwa mraba: "tik" 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto. Risasi ya mwisho ikatua karibu kabisa na ya kwanza.

Wageni wanaotaka kupiga mbali sana bado anawaambia wasogee.

Kovu limebaki. Mgawo wa vikoba nao ulikwenda huko, bati bado hatujanunua. Mvua ikinyesha jikoni naweka beseni, lile lile.