Asubuhi tunawaita wahuni, usiku tunawaita watuokoe

Juma hili naanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, asubuhi mapema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo mwekundu wa kartie yetu uliteleza kama sabuni. Nilikuwa nimechelewa. Nikasimamisha pikipiki, nikamweka mtoto wa jirani mbele, juu ya tangi ya esansi, kisha nikapanda nyuma na mtoto wangu wa miaka 8 katikati. Kijana mwenye kuendesha akatutazama, akasema: « Mama, mko wengi. » Nikamjibu: « Hawa ni watoto tu, hawana uzito. Twende, na ufanye haraka, kengele inakaribia kulia. »

Tulipofika karibu na Soko Kuu, motokari moja ikasimama ghafula mbele yetu. Kijana akafunga breki, gurudumu la nyuma likateleza, na usukani wa pikipiki ukakwaruza ubavu wa motokari ile. Hatukuanguka, Mungu asifiwe. Mwenye motokari akashuka na matusi: wahuni, walevi, watu wasiosoma! Kabla hajamaliza, pikipiki zaidi ya kumi zilikuwa zimetuzunguka, honi zinalia, vijana wanapaaza sauti kwamba mwenzao asiguswe.

Na mimi, mwalimu, nilifanya nini? Nilishuka, nikawashika watoto mkono, na mbele ya watu wote nikamgombeza yule kijana: « Nyinyi mnaendesha kama wenda wazimu! » Hakukasirika. Alisema tu kwa sauti ndogo: « Mama, ni wewe uliniambia ni watoto tu. Ni wewe uliniambia haraka. »

Neno hilo lilinifuata mpaka darasani, likanifuata mpaka kitandani. Kwa hiyo, tangu siku ile, kila nilipopata nafasi niliuliza watu wa Makiso wanawaonaje hawa vijana wa pikipiki, na wao wanatuonaje sisi. Haya ndiyo niliyoyasikia.

Kwanza ilikuwa toleka

Sisi wenye miaka zaidi ya thelathini tunakumbuka. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 tulikuwa watoto. Mto ulikuwa umefungwa, mashua za Kinshasa hazikupanda tena, esansi ilikuwa adimu, na motokari nyingi zilikuwa zimekufa au zimechukuliwa. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku 6 ndani ya mji wetu. Katika taabu ile, aliyetubeba ni kijana wa baisikeli, mwenye mto wa kukalia uliofungwa vizuri nyuma. Tulimwita toleka, neno la Kilingala lenye maana ya « tupite ». Kweli, tulipita. Mihogo ilipita, mkaa ulipita, wagonjwa walipita.

Baadaye amani ikarudi kidogo, na pikipiki zikaingia kwa wingi. Vijana wengi wa toleka walitamani kuacha kukanyaga na kushika injini. Hata kwa majirani zetu ilikuwa hivyo: bodaboda, jina linalojulikana leo Afrika Mashariki yote, lilianza na baisikeli mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia. Kule Kinshasa wanawaita wewa, neno la Tshiluba lenye maana ya « wewe ». Kila mji una jina lake, lakini kijana ni yuleyule: hana kazi ya ofisi, ana nguvu, na nyumbani watu wanangoja chakula.

Makiso ndiyo komini inayowaona zaidi kuliko zote. Ofisi ziko hapa, banki ziko hapa, Soko Kuu liko hapa. Anayetoka Mangobo, Tshopo au Kabondo anashukia hapa. Hata mama wa Lubunga, akishavuka mto, anatafuta pikipiki upande huu.

Kila mmoja na jicho lake

Papa mmoja mwenye motokari aliniambia anawaogopa kuliko mashimo ya barabara. « Wanapita kuume, wanapita kushoto, hawana vioo vya kutazamia nyuma. Ukimgusa mmoja, hata kama kosa ni lake, wote wanakuja. » Hapo hakusema uongo. Kundi likishakasirika, hakuna tena anayeuliza nani alikosa. Motokari inaweza kuvunjwa vioo kwa sababu ya mkwaruzo mdogo, na aliye ndani anaweza kuwa na watoto kama wewe.

Mwendesha toleka mmoja, mtu mzima sasa, ana kilio kingine: « Wanatupita karibu sana mpaka goti linagusana na goti. Na wateja wetu wamewafuata. Wanasahau kwamba jana walikuwa sisi. »

Kuna pia wale wenye pikipiki yao wenyewe: muuguzi, pasta, mwalimu mwenzangu wa hesabu. Hao wanalalamika kwamba wanahesabiwa pamoja na wengine. « Nikivaa kaske na kwenda polepole, polisi wa rulaje ananisimamisha vilevile. Shoferi ananitukana vilevile. Kwao kila mtu wa magurudumu mawili ni mhuni. »

Na mama muuza ndizi kando ya barabara alisema neno fupi: « Mchana wananirushia matope. Usiku binti yangu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, ni wao waliomfikisha. » Alibisha kwa jirani mwenye motokari, mlango haukufunguliwa. Kijana wa pikipiki aliyekuwa akirudi kulala akageuza. Malipo aliyapokea kesho yake mchana.

Wamama, hapo ndipo aibu yetu ilipo. Asubuhi tunawaita wahuni, usiku tunawaita watuokoe.

Maisha ya kituoni

Nilikwenda pia kuketi kidogo kwenye kituo chao, chini ya mwembe. Nilidhani nitaona fujo. Niliona utaratibu. Aliyefika kwanza ndiye anayechukua mteja wa kwanza, na anayeruka zamu anagombezwa na wenzake. Wana likelemba: kila siku kila mmoja anatoa kidogo, na zamu yako ikifika unapokea zote. Mwenzao akilazwa hospitalini, wanachanga. Akifa, wanamsindikiza kwa matawi ya miti na honi mpaka kaburini. Kelele zile zinatuudhi sisi tulio darasani, lakini kwao ni namna ya kusema kwamba aliyekufa alikuwa mtu.

Wana mtindo wao pia. Koti nzito wakati wa joto, kwa sababu upepo wa asubuhi na mvua huingia kifuani. Picha za wachezaji wa mpira kwenye tangi, rangi za Malekesa au za Nika. Maneno ya Biblia kwenye kipande cha mpira kinachozuia matope. Pikipiki inaoshwa vizuri kuliko viatu vya mwenyewe.

Lakini nyingi si zao. Kijana anapewa pikipiki na tajiri, na kila jioni anapeleka fedha iliyopatanwa, ile wanayoita « versement ». Mvua inyeshe au isinyeshe, fedha ile inangojwa. Ndani ya mapato ya siku atoe pia esansi, anayoinunua kwa chupa kwa Kadafi wa kando ya barabara, atoe tairi iliyotoboka, atoe na kile kinachobaki barabarani akisimamishwa. Kinachosalia ndicho chakula cha watoto. Akishindwa siku kadhaa, pikipiki inapewa mwingine. Mmoja wao ana diploma ya serikali, ile D6 tunayowahimiza wanafunzi wetu waitafute. Ameiweka ndani ya plastiki nyumbani. Aliniambia: « Madame, mimi sipendi mbio. Ni jioni inayonifukuza. »

Sisemi kwamba hiyo inaondoa kosa. Kuna wanaokunywa pombe kali asubuhi, na kuna wanaoendesha bila kujua alama hata moja ya barabara. Sheria ya barabara tunayo tangu tarehe 30 Agosti 1978, na kijana asiyeisoma anaweka maisha ya watu hatarini. Lakini mwenye kukimbizwa na deni, ukimpakia watu watatu na kumwambia « haraka », hatakataa. Alijaribu kukataa kwangu mara moja, mimi nikamnyamazisha.

Sisi tunaoketi nyuma

Tunapolaumu, tunasahau kwamba pikipiki haibebi watatu bila watatu kupanda. Anayelipa ndiye mwenye sauti. Basi tuanzie kwetu.

Abiria mmoja atosha. Kule Kigali mwenye pikipiki anabeba abiria mmoja tu, na anampa kofia ya kuvaa. Huo ni mji wa Afrika kama wetu, wenye vijana kama wetu.

Tuipende kaske. Shirika la Afya Ulimwenguni limeandika kwamba kuvaa kofia ngumu kunapunguza hatari ya kufa katika ajali kwa karibu asilimia 40, na ya kuumia kichwa vibaya kwa karibu asilimia 70. Najua tunasema inaharibu nywele, ina jasho la wengine. Funga kitambaa chepesi ndani yake. Nywele zinasukwa tena, kichwa hakisukwi.

Tuangalie kitenge. Kitenge kirefu kikiingia katika mnyororo au gurudumu, kinamvuta mama chini kabla mwendeshaji hajajua. Kikusanye vizuri na kukishika. Kuketi upande tunakupenda kwa heshima, lakini ni ketio linaloangusha upesi. Vaa suruali ndani, kaa ukitazama mbele.

Mtoto asikae juu ya tangi. Breki ikifungwa, yeye ndiye wa kwanza kurushwa. Na mtoto wa mgongoni hana kitu nyuma yake isipokuwa barabara. Kama safari si ya lazima, tutembee.

Bomba la moshi ni moto. Wengi wetu tuna alama yake mguuni. Shukia upande usio na bomba. Ukiungua, weka mguu chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Jeraha likiwa kubwa au la mtoto, nenda kwa muuguzi.

Usiku tusichukue pikipiki yoyote tu. Chagua kijana mmoja au wawili wa kituo cha karibu, ujue nyumba yao, na namba yao iwe katika simu yako. Wao nao watakujua, na mtu anayejulikana anaendesha kwa uangalifu zaidi.

Na mwisho: neno « haraka » tuliache nyumbani. Kama tumechelewa, tumechelewa sisi. Kijana hakutuamsha asubuhi.

Nilirudi kumtafuta

Siku ya tano baada ya mambo yale nilikwenda kituoni kwake. Wenzake walidhani nimekuja kudai kitu, wakasimama. Nikamwambia mbele yao, kama nilivyomgombeza mbele ya watu: « Mwanangu, kosa lilikuwa langu. Unisamehe. » Alicheka kwa haya, akatazama chini. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuliuliza: wenye motokari ile walimlipisha rangi, na kwa sababu hiyo zamu yake ya likelemba amewaachia wengine mwezi huu. Nilifungua mkoba. Nilikuwa na kidogo, mshahara wa mwalimu mnaujua. Nikatoa nusu ya kilichokuwamo. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea.

Tangu siku ile natoka nyumbani mapema, na mimi na mwanangu tunakwenda kwa miguu hadi barabara kubwa. Mtoto wa jirani simchukui tena pikipiki moja nasi. Mama yake alininunia karibu juma zima, akidhani nimejivuna. Nilikwenda kwake jioni, nikamweleza yote niliyowaeleza hapa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: « Kumbe alikuwa juu ya tangi? » Hakuwa anajua. Sasa watoto wawili wanatembea pamoja mbele yangu, wakibishana habari za mpira.

Katika mkutano wetu ujao naomba tuzungumze juu ya jambo moja: je, kila kikundi chetu cha kartie kinaweza kwenda kuongea na kituo cha pikipiki kilicho karibu nacho? Wao watuahidi abiria mmoja na mwendo wa polepole karibu na shule. Sisi tuwaahidi kutopanda watatu, na kutowatukana. Tusiende kama mahakimu. Twende kama mama zao, kwa maana wengi wao ni watoto wetu.