Kanisa la Golbanti, Nchi Isiyo na Mawe

Nchi ya chini ya mto Tana, kutoka Garsen kuelekea baharini, ni udongo ulioletwa na mafuriko. Jiwe la kujengea halipatikani. Kwa hiyo mtu asitafute Golbanti jengo kama lile la watawa Wabenedikto la Durham, Uingereza, lililoanza kujengwa mwaka 1093, lenye nguzo nene na dari ya mawe. Watawa hao walikuwa na majabali karibu. Golbanti palikuwa na udongo, miti na nyasi, na mto usiopenda kukaa katika njia moja.

Hata hivyo misheni ilianzishwa hapo. Thomas Wakefield, Mmethodisti aliyefika pwani mwaka 1862 na kukaa Ribe, alijifunza lugha ya Wagalla, ambao leo huitwa Waorma, akatamani kuwafikia katika nchi yao. Kituo kikafunguliwa katikati ya miaka ya 1880, nao John Houghton na mkewe Annie wakapelekwa kukitunza. Mwezi wa Mei 1886 Wamasai walikishambulia kituo, na wote wawili wakauawa. Walizikwa papo hapo Golbanti.

Misheni haikuondoka. Lakini Waorma ni wafugaji, na mfugaji huhama na ng'ombe wake. Waliokaa karibu ni Wapokomo, wapanda mpunga na migomba ya kingo za mto. Hivyo kituo kilichokusudiwa wafugaji kikapata waumini wengi miongoni mwa wakulima.