Vyumba vya Hewa Kando ya Kiungo cha Taya
Tabibu wa meno aitazamapo picha ya eksirei ya taya zote mbili, huenda akaona, mbele kidogo ya tundu la sikio, katika kile kinundu cha fuvu ambacho taya hutelezea chini yake kinywa kifunguliwapo, madoa meusi mfano wa sega la nyuki, na mgonjwa asiyehisi maumivu yoyote akaingiwa na hofu ya uvimbe. Laiti angalijua kwamba ni vyumba vya hewa tu! Vyumba hivyo, ambavyo watafiti Tyndall na Matteson walivieleza mwaka 1985, ni jamaa ya vile vya nyuma ya sikio. Mfupa haukuliwa wala haukutanuka. Tiba havihitaji, lakini daktari akusudiaye kukichonga kinundu hicho hana budi kuvitambua kwanza, kwani maradhi ya sikio huweza kupenya humo hata yakakifikia kiungo.